"Ni Uzee Tu": Kauli Inayofunga Matibabu Kabla Hayajaanza

Tuchukue mfano ambao yeyote anayefanya kazi katika zahanati za Kampala ataufahamu. Bibi wa miaka 75 analetwa kwa boda boda, ameketi katikati, mjukuu nyuma yake amemzungushia mikono asije akaanguka. Tangu juzi hali chakula, mchana analala na usiku anahangaika, anawaita watoto kwa majina ya watu waliokwisha kufa, na leo asubuhi amejikojolea. Anapimwa malaria, hana. Kipimajoto kinaonyesha joto la kawaida. Foleni ni ndefu na akina mama wenye watoto wachanga wanangoja. Anayemhudumia anamtazama mjukuu kwa huruma na kutamka neno ambalo kwa Kiganda ni bukadde na kwa Kiswahili ni uzee tu: mrudisheni nyumbani, mpeni uji, mwombeeni. Halisemwi kwa ubaya. Husemwa kwa heshima, pengine kwa upendo. Hata hivyo ndani yake mna nadharia nzima ya kuzeeka, nayo ni nadharia potofu. Hoja yangu ni kwamba nadharia hiyo inawaumiza wazee wa mji huu sawasawa na upungufu wa dawa na vitanda, na kwamba muuguzi ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuiondoa, kwa gharama ndogo kuliko tunavyodhani.

Mwili hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, hilo halina ubishi. Mwaka 1956 Denham Harman wa Marekani alitoa hoja kwamba seli huchakazwa na kemikali kali ambazo mwili wenyewe huzizalisha unapotumia oksijeni. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Wataalamu wangali wanavutana kuhusu uzito wa kila nadharia, lakini zote zinaelekea upande mmoja: kuzeeka ni mwendo wa pole pole, wa miaka na miongo. Hakuna nadharia ya kibiolojia inayoweza kumweleza mtu aliyemenya matoke Jumapili na ambaye Jumatano hamtambui mwanawe. Badiliko la ghafla lina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho kinatibika. Kwa yule bibi pengine ni maambukizo ya njia ya mkojo, au nimonia inayoanza, au maji yaliyopungua mwilini, au dawa aliyoongezewa wiki iliyopita. Kinachompoteza anayempima ni kwamba mwili wa mzee hautoi ishara kama wa kijana. Homa inaweza isipande hata maambukizo yakiwa makali. Kiu hufifia hata maji yakiwa yamepungua. Mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu yoyote ya kifua, ukaja kama uchovu na kuishiwa pumzi. Ishara ya kwanza huwa ni akili kuvurugika, kuanguka, kukataa chakula, au mkojo kuponyoka. Yaani mambo yale yale tuliyokwisha kuyapa jina la uzee.

Katika vitabu vya uuguzi wa wazee kuna nadharia moja ambayo naiona inafaa Kampala kuliko nyingine zote. Mwaka 1990 muuguzi wa Marekani, Carol Miller, alipendekeza kwamba matatizo ya mzee yagawanywe mafungu mawili: yale yanayoletwa na miaka, ambayo hayazuiliki, na yale yanayoletwa na mambo mengine juu ya miaka, ambayo mengi yanaweza kuondolewa. Uuguzi ni kuyatenganisha mafungu hayo, kisha kulishughulikia la pili. Jambo hili likisemwa hivyo linaonekana dogo, basi tulifuate hadi chooni. Magoti ya mzee hukakamaa. Hiyo ni miaka. Choo cha shimo kinamtaka achuchumae, hakina cha kushika, kiko nje nyuma ya nyumba, na usiku njia ni giza. Hayo si miaka. Kwa sababu anaogopa kwenda chooni usiku, mzee anaacha kunywa maji tangu jioni. Asipokunywa, mkojo unakuwa mzito na maambukizo yanapata nafasi. Damu inapungua msukumo, akisimama anapata kizunguzungu. Siku moja anaanguka, au anaamka akiwa hajui alipo. Ukimwona siku hiyo tu, unaona uzee. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua unafika kwenye tundu la choo. Na dawa yake fundi wa mtaani anaijua: kiti cha plastiki kinakatwa tundu katikati, kingo zinalainishwa kwa kisu kilichopashwa moto zisimkwaruze, kinawekwa juu ya shimo, au juu ya ndoo chumbani usiku. Muuguzi aliyefundishwa kuuliza "usiku unakwenda wapi kujisaidia, na unafikaje?" amegundua jambo ambalo hakuna kipimo cha maabara kingelionyesha.

Kwa nini basi swali hilo haliulizwi? Sehemu ya jibu ni kwamba tumezoea kutowahesabu wazee hata pale tunapohesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016, ambao mipango mingi ya afya iliutegemea, uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Uchunguzi wa mwaka 2014 kuhusu presha, kisukari na magonjwa ya aina hiyo ulikomea miaka 69. Uliona kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha na wengi wao hawajui, lakini juu ya mtu wa miaka 70 haukuuliza kitu, ingawa presha ni ugonjwa unaozidi kadiri umri unavyozidi. Mtu asiyehesabiwa hapangiwi bajeti, na muuguzi anayesoma takwimu hizo chuoni anahitimu akiwa hajawahi kumwona mzee katika jedwali.

Najua pingamizi linalokuja hapa, nalo si la kupuuzwa. Uganda ni nchi ya watoto. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, na nusu yao hawajafika miaka 18. Waliofikisha 60 ni asilimia 5 tu. Wapo wanaosema kwamba penye upungufu wa wakunga na chanjo ni anasa kuzungumzia uuguzi wa wazee. Lakini asilimia 5 ya watu milioni 45.9 ni takriban watu milioni 2.3, wengi kuliko wakazi wote waliohesabiwa ndani ya mipaka ya Jiji la Kampala. Hakuna anayesema Kampala ni ndogo mno kuwa na wauguzi wake. Zaidi ya hayo, pingamizi hilo linawatenga wazee na watoto kana kwamba wanaishi nyumba tofauti, na yeyote anayezijua nyumba za mitaa ya Katwe, Bwaise au Kamwokya anajua kwamba sivyo.

Wazo kwamba mzee ni mzigo lina nadharia yake. Mwaka 1972 watafiti Donald Cowgill na Lowell Holmes walichapisha nadharia iliyovuma sana: kadiri jamii inavyoingia katika viwanda, miji na shule, ndivyo hadhi ya mzee inavyoporomoka, mpaka anabaki mzigo. Watu wengi hapa wanaiamini bila kuwahi kuwasikia waandishi wake. Huisema kwa maneno ya "siku hizi vijana hawana adabu". Ina ukweli fulani. Lakini UKIMWI ulipoanza kuwazika vijana wa Uganda katika miaka ya 1980 na 1990, kilichotokea hakikutabiriwa na nadharia hiyo. Akina jajja, yaani mabibi, waliowalea watoto wao walirudi kuwalea wajukuu, wakati huohuo wakiwauguza watoto wao waliokuwa wakifa. Stella Nyanzi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009 kuhusu bibi wajane wa mtaa mmoja wa mabanda jijini Kampala, aliwaeleza kama nguzo ambazo nyumba zilizopigwa na ugonjwa huo ziliegemea. Kwa hiyo tunapouliza nani anamtunza mzee, lazima tuulize pia mzee anamtunza nani. Bibi aliyetibiwa mtoto wa jicho anaweza kusoma saa ya dawa za mjukuu. Asiyetibiwa anashikwa mkono na mjukuu ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani.

Nadharia nyingine ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa inavaa nguo ya heshima. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, waliowachunguza watu wa Kansas City, walisema kwamba mzee na jamii huachana kwa hiari ya pande zote mbili. Kwamba kujitoa kidogo kidogo ni jambo la kawaida, na hata jema. Wenzao waliwapinga haraka. Robert Havighurst alishikilia kwamba anayebaki na shughuli huzeeka vizuri zaidi, na baadaye Robert Atchley akaonyesha kwamba mzee hataki kujitoa wala kujishughulisha ovyo. Anataka kuendelea kuwa yule aliyekuwa. Huko ng'ambo nadharia ya kujitoa imebaki katika vitabu vya historia. Huku inaishi, katika maneno matatu: "Jajja, wewe pumzika." Mzee anapokonywa jembe, anapokonywa kisu cha kumenyea, anawekewa mkeka barazani, na watu wanaona wamemheshimu. Misuli isiyotumika huyeyuka. Kwa mzee siku chache za kulazwa zinatosha kumwondolea nguvu za kuinuka kitini. Katika utamaduni wa Baganda wenyewe mzee hakuwahi kuwa mtu wa kukaa pembeni. Yeye ndiye anayejua koo na mizizi yake, anayesikilizwa kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, anayejua nani anastahili kusimikwa mrithi siku ya kwabya olumbe, yaani kumaliza matanga. Muuguzi anayemwuliza mgonjwa wa kiharusi "ni kazi gani nyumbani ungependa kuirudia kwanza?" yuko karibu zaidi na desturi hiyo kuliko ndugu wanaomfungia chumbani wageni wasimwone akiwa amepinda mdomo.

Wengine watasema: lakini uuguzi wa mzee ni kazi ya familia, na kuugeuza kuwa taaluma ni kuiga Wazungu. Hebu tuitazame kazi hiyo ya familia ilivyo. Katika wodi za hospitali zetu kubwa, Mulago ikiwa mojawapo, kila kitanda kina mjjanjabi wake: binti, mke, mpwa, mtu aliyeacha kibanda chake sokoni. Yeye ndiye anayeosha, kulisha, kufua na kugeuza. Usiku anatandika mkeka chini ya kitanda. Kwa vitendo, sehemu kubwa ya uuguzi wa mzee nchini inafanywa na mtu huyu, na kwa kawaida hakuna aliyemfundisha. Mwaka 1962 muuguzi Doreen Norton na wenzake jijini London walichapisha uchunguzi juu ya wazee waliolazwa. Norton alitengeneza kipimo kisichohitaji mashine: hali ya mwili, hali ya akili, kama mgonjwa anatembea, kama anaweza kujigeuza, kama mkojo na choo vinamponyoka. Kila kipengele alama 1 hadi 4. Anayepata 14 kwenda chini yuko hatarini kupata vidonda vya kulalia. Uchunguzi ulionyesha kwamba kugeuzwa mara kwa mara kwa utaratibu kunazuia vidonda ambavyo marhamu na poda zilikuwa zikishindwa kuvizuia.

Kidonda cha aina hiyo huanza kama doa tu, mara nyingi juu ya makalio pale mfupa ulipo karibu na ngozi, au kisiginoni. Kwenye ngozi nyeusi hakionekani chekundu kama vitabu vinavyosema. Huonekana cheusi zaidi au cha zambarau, na ukikigusa kina joto, au ni kigumu, au ni laini kuliko ngozi ya jirani. Siku hiyo kinaweza kurudi nyuma kwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili na kumwekea nguo iliyokunjwa chini ya shavu la mguu kisigino kielee. Baada ya siku chache ngozi inafunguka, na baada ya wiki chache mfupa unaweza kuonekana, na harufu inawafukuza wageni. Binti anayelala chini ya kitanda anaweza kufundishwa yote haya kwa dakika 20. Asipofundishwa, saa nane za usiku atamwacha mamaye alale "apumzike", kwa upendo wote alio nao. Sidai familia iondolewe. Nadai iwe na mwalimu, na mwalimu huyo ni muuguzi.

Wala tusidhani kwamba Wazungu walizaliwa wakijua. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren alikabidhiwa wagonjwa wapatao 700 wa iliyokuwa hospitali ya maskini magharibi mwa London, wengi wao wazee waliokuwa wamelazwa miaka na miaka kwa sababu kila mtu alijua ni uzee tu. Aliwapima mmoja mmoja, akabadilisha wodi ziwe na mwanga, akawapa vya kushikia, akawaamsha. Wengi walitembea, na wengi wakarudi makwao.

Kuhusu fedha, nchi imekwisha kutamka nia. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iwape wazee matunzo ya kadiri. Kuna sera ya wazee ya mwaka 2009, sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ya 2013, na tangu 2021 Bunge lina wabunge watano wanaowawakilisha wazee. Ruzuku ya wazee, maarufu kama SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, lakini nchini kote hupewa aliyefikisha 80, ilhali Zanzibar na Kenya wameweka 70. Nayo haifiki kwa wote. Ripoti ya mashirika ya haki iliyotolewa Juni 2021 ilieleza wazee waliokosa ruzuku na hata matibabu kwa sababu ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa: tarehe ya kuzaliwa imekosewa, au mashine haizisomi alama za vidole. Vidole vilivyoshika jembe miaka 60 vimekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Muuguzi hawezi kurekebisha mashine, ila anaweza kuwa mtu anayeandika barua kwamba mikono hii ni ya mtu huyu.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote: wauguzi wenyewe ni wachache, wamechoka, na sasa tunataka kuwaongezea mzigo. Jibu langu liko Makindye, kwenye Hospice Africa Uganda. Mwaka 1993 Anne Merriman, daktari wa Liverpool ambaye kabla ya hapo alikuwa mtaalamu wa tiba ya wazee, aliianzisha akiwa na nyumba ndogo ya kuazima katika hospitali ya Nsambya. Alikuta watu wakifa kwa saratani na UKIMWI wakipiga kelele za maumivu. Badala ya kungoja madaktari ambao hawakuwapo, morfini ya unga ilichanganywa na maji, ikatiwa rangi ili nguvu tofauti zisichanganyike, ikawekwa kwenye chupa za plastiki, na wauguzi wakafundishwa kuipima na kuifuatilia hadi vitandani nyumbani. Walioogopa walisema wauguzi hawawezi kuaminiwa na dawa nzito kama hiyo. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa, wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika, na Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Ikiwa muuguzi wa Uganda aliweza kukabidhiwa morfini, ni kwa nini ashindwe kukabidhiwa kipimo cha Norton, mkanda wa presha, na orodha ya dawa ambazo mzee anapaswa kuacha kunywa? Uchovu wake ni wa kweli. Lakini kidonda kilichofika mfupani kinahitaji kufungwa kila siku kwa miezi, na nyonga iliyovunjika inashika kitanda kwa wiki nyingi. Kazi ninayoisema inampunguzia muuguzi huyohuyo kazi ya kesho.

Siombi nyumba za wazee kila kona. Ile ya Bakateyamba huko Nalukolongo, aliyoianzisha Kadinali Emmanuel Nsubuga na ambayo Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015, inawapokea wasio na mtu, na inastahili kusaidiwa kwa sababu hiyohiyo. Wazee walio wengi wana nyumba na watu. Siombi hata dirisha la wazee kama la Tanzania likiwa peke yake, ingawa ni jambo la heshima: mzee anaweza kupita foleni haraka na kukuta ndani mtu mwenye nadharia ileile. Naomba kila kituo cha afya cha daraja la IV jijini, kuanzia Kisenyi, kiwe na muuguzi mmoja aliyesomea wazee, mwenye siku yake ya kliniki na saa yake ya kuwafundisha wajjanjabi, na ambaye wahudumu wa afya wa kijamii (VHT) wanaijua namba yake ya simu. Bibi wa boda boda akifikishwa kwake, ataona malaria hakuna na kipimajoto hakionyeshi kitu. Kisha atamgeukia mjukuu na kumwuliza Jumapili jajja alikuwa akifanya nini.